Fomu ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Nimekuja Kongwa na futi kamba, fomu ya safu tisa,
na kopo la rangi nyekundu ambalo sijalifungua.
Kota ziko ishirini na mbili. Mwisho wa mwezi ziwe sifuri.

Namba kumi na nne: vyumba viwili, jiko la nje,
saruji inayomung'unyuka kama kashata ya juzi,
bati zito, la aina isiyouzwa tena madukani.
Kwenye "Mwaka wa kujengwa" naandika: 1948, makadirio.

"Makadirio ya nini?" anauliza Bi Sechelela,
aliyenifuata tangu namba tisa, ungo mkononi,
uwele ndani yake haujapepetwa.
"Zege hili kalichanganya baba. Ulikuwa mwaka wa vifaru."

Vifaru?

"Vita vya wazungu viliisha, vyuma vikabaki na njaa.
Vikang'olewa mizinga, vikaletwa huku kulima karanga.
Vichaka vikalala. Udongo ukatazama tu.
Jua lilipouoka, jembe la trekta likarudi kibogoyo,
na karanga zilizovunwa, baba alikuwa akicheka kwa uchungu,
hazikufika zile zilizopandwa.
Wakafunga masanduku yao. Nyumba hazifungiki."

Naandika: Matumizi ya awali, makazi ya vibarua.
Nafasi imekwisha. Yeye hajamaliza.

"Usidhani naisifu. Nyumba hii ni tanuri,
na Julai ni jiwe la mtoni.
Walitupimia kitanda kimoja, mtu mmoja, bachela.
Mke hakuwamo kwenye ramani.
Mama aliingia kwa dirisha hili, miaka miwili,
nami nilikuwa tumboni, tukiingia wote."

Napima dirisha. Sentimita sitini kwa themanini.

"Halafu wakaja vijana wa kusini, wa kupigania kwao,
kambi yao kule ng'ambo. Waliazima chumvi kwa lugha ya mikono.
Mmoja alijifunza kusonga ugali kwenye jiko hili
akaunguza sufuria ya mama.
Alikwenda, hakurudi. Jina tulilomwita
halikuwa lake, tuliambiwa baadaye.
Sufuria ninayo."

Fomu haina safu ya sufuria.

Ufa, ukuta wa mashariki: sentimita tatu.
"Huo si ufa. Huo ni sabini na nne,
ardhi ilikauka mpaka nyumba ikakohoa."
Fremu ya mlango: imechanjwa kwa kisu.
"Ndahani. Yoramu. Mwaja. Huyu naye Mwaja,
wa pili. Wa kwanza aliishia hapo."
Kidole chake kiko usawa wa paja langu.
Natazama kalamu, kana kwamba imeishiwa wino.

Safu ya nane: Thamani iliyobaki.
Kitabu cha viwango kimeandikwa na mtu asiye na kigugumizi:
saruji ikipita miaka sitini, hakuna.
Nimeshaandika "hakuna" mara kumi na tatu leo,
mwandiko wangu ukizidi kupendeza.

"Na wa kuingia kwa dirisha," anauliza,
"huyo umemwekea shilingi ngapi?"

Upepo unaleta vumbi la njia ya ng'ombe.
Nafungua kopo kwa bisibisi. Sijui mikono ingefanya nini kingine.
Haombi. Hapigi kelele. Anaanua kanga kwenye waya,
anasema tu: "Basi usipake mlangoni."

Ananizungusha hadi nyuma, penye kivuli chembamba,
ukuta mtupu kati ya kona na bomba la mvua.
"Paka hapa. Hapa hajawahi kuegemea mtu."

Brashi inadondosha matone mekundu kwenye kiatu changu.
Nauangalia ukuta vizuri, kama nilivyofundishwa.
Kuna doa, jeusi, laini, la mafuta ya nywele,
usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini
jioni nyingi sana.

Namwonyesha.

Anainama. Analigusa. Ananusa vidole.
Kisha anakaa palepale, mgongo ukutani,
anaweka ungo mapajani,
anaanza kupepeta.